Ayaana Hakwenda Kutembea

Kipini ukisema unakwenda Uchina, watu wanakuuliza maswali matatu. Unakwenda kuchukua mzigo? Umepata nafasi ya kusoma? Ama umepata kazi? Nilipomjibu jirani yangu kwamba tunakwenda kutembea tu, mimi, mama yangu na binti yangu wa miaka kumi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kutembea? Hadi huko? Kwani Lamu kumejaa?"

Neno hilo, kutembea, ndilo lililonirudisha kwenye *The Dragonfly Sea*, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka mwaka 2019. Nilikuwa nimeisoma mara moja na kuipenda, kwa sababu ni mara chache mtu wa pembe yetu ya pwani hukutana na visiwa vyake ndani ya kitabu kinene namna ile. Sasa niliitia begini pamoja na vileja vya mama na chupa ya achari. Nia yangu ilikuwa kuisoma tena katika miji yenyewe. Mama naye alikuwa na shauri lake. Yeye Kiingereza hakisomi, na alinambia hawezi kukaa saa nne ndani ya treni akinitazama nikicheka peke yangu na karatasi. "Nisomee na mimi," akasema. Kwa hiyo uhakiki huu ni wa watu wawili, na mmoja wao hajawahi kuandika uhakiki.

Kwa ambaye hajakisoma: Ayaana ni mtoto wa Pate, hana baba, anaishi na mama yake Munira ambaye watu wa kisiwani wamemweka kando. Anapofika Muhidin, baharia aliyerudi nyumbani na vitabu vyake, mtoto anajichagulia baba. Baadaye anaambiwa kwamba damu yake ina asili ya mabaharia wa Kichina wa zamani, anapewa cheo cha Mjukuu wa mabaharia hao, anapandishwa meli na kupelekwa Xiamen kusoma. Njiani anakutana na nahodha Lai Jin, mtu mwenye majonzi yake mwenyewe. Kisa hiki hakikutoka hewani. Watu wa Siyu na Shanga wana masimulizi ya jahazi la Kichina lililovunjika karibu na Pate na mabaharia waliookoka wakaoa na kusilimu, na mwaka 2005 msichana wa Siyu alipata ufadhili wa kwenda kusoma Uchina kwa sababu ya masimulizi hayo. Owuor amechukua habari ambayo magazeti yaliimaliza kwa picha mbili na salamu za mabalozi, akauliza: huyo msichana mwenyewe aliona nini?

Hilo ndilo jema kubwa la riwaya hii, na nilitaka kulisema kabla sijaanza kulalamika.

Malalamiko yangu yalizaliwa Guangzhou. Mdogo wangu hununua bidhaa huko, kwa hiyo alitupokea na kutupangishia chumba mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi wa biashara hukaa. Siku ya kwanza alitupangia ratiba: soko la viatu, soko la vitambaa, soko la taa. Nikamwambia, sisi hatukuja kununua. Akanitazama kama yule jirani wa Kipini. Yeye amekuwa akiingia na kutoka Guangzhou miaka minane na hajawahi kukaa kando ya Mto Lulu bila simu sikioni. Jioni tulimburuta tukaenda naye kutazama mnara wa Canton, ule wa mita 600, ukibadilisha rangi. Binti yangu akamwuliza, "Mjomba, huu mnara ni wa nini?" Mjomba hakujua. Alikuwa akiuona kila siku kutoka ghorofa ya mizigo.

Usiku ule nilifungua kitabu na kukiona kwa jicho jipya. Ayaana anavuka bahari nzima na katika safari yote hapati siku moja ya namna ile ya mjomba. Kila anapotia mguu, amewekewa maana. Akishuka melini ni ushahidi wa historia. Akiingia darasani ni zawadi ya taifa moja kwa jingine. Kuna watu wa kumwongoza, kumfundisha lugha, kumwonyesha kwa wageni, lakini hapati fursa ya kutembea: kuzurura mji usio wake, kula kitu asichokijua, kupotea, kununua kofia mbaya, kurudi amechoka na hana la kusimulia ila kwamba ameona. Nikaandika pembeni mwa ukurasa: *Mwandishi amempa safari, amemnyima matembezi.*

Nilijivunia sana sentensi hiyo. Nikaiona ni uhakiki mzima.

Na nilikuwa na hoja za kuishikilia, kwa sababu kasoro hii, kama ni kasoro, si ya Owuor peke yake. Tazama wote waliotoka pwani yetu wakaandikwa. Yule twiga wa Malindi aliyefika kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415 alikwenda akiwa zawadi, na huko wakamchukulia kuwa ni mnyama wao wa baraka, qilin. Selim bin Abakari, Mngazija aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 na habari zake zikachapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*, alikwenda akimfuata bwana wake Mjerumani. Ana jicho kali kweli kweli yule mtu, anaona baridi, anaona vyakula, anaona watu wanavyovaa, lakini kila asubuhi anaamka kwa ratiba ya mwingine. Hata Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na baadaye akaisimulia Quanzhou kwa jina la Zaituni, alikwenda Uchina kwa kazi ya ubalozi wa Sultani wa Delhi. Fasihi ya safari ya pwani imejaa watu waliotumwa. Anayekwenda kwa sababu amejisikia kwenda, na akawachukua mama yake na mtoto wake, huyo hana kitabu.

Tukapanda treni ya mwendo kasi kwenda Xiamen. Pale kituoni tiketi ni pasipoti yako, na pasipoti za kigeni zinapitia mlango wa pembeni wenye askari, basi tukakimbia na mabegi, mama akisoma dua kwa sauti. Tulipokaa nikaanza kusoma. Namaanisha kutafsiri, sentensi baada ya sentensi.

Hapa niseme jambo kuhusu lugha ya kitabu hiki. Kiingereza cha Owuor kimejaa, kinapanda na kushuka, mara nyingine kinarundika sifa juu ya sifa mpaka msomaji anatafuta pa kushika. Nilipokisoma kimya mara ya kwanza niliona uzito huo kama utajiri. Nilipokitafsiri kwa mdomo, kwa mama, nusu ya sifa zile zilianguka zenyewe, nami sikuzikosa. Lakini vitu vingine vikasimama wima. Riwaya inaanza kwa kereng'ende wanaovuka bahari kwa upepo wa matlai. Kwa Kiingereza neno hilo ni pambo, linaandikwa kwa herufi za kulala kama mgeni aliyepewa kiti cha pembeni. Nilipolitamka ndani ya treni, mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina la jamaa. "Enhe, matlai. Endelea." Hakuhitaji maelezo. Upepo ulikuwa umerudi kwao. Nikafikiri kwamba kuna kitabu kingine cha Kiswahili kimelala chini ya hiki cha Kiingereza, kama mashua iliyofunikwa turubai.

Tukafika mahali Ayaana anaaga na kupanda meli. Mama akanikatiza.

"Aliomba kwenda?"

"Hakukataa, Mama."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza, aliomba?"

Nikatafuta la kusema. Mama akatazama nje, minazi hakuna, milima na mashimo tu yanapita gizani na mwangani. Kisha akasema: "Huyu hakusafiri. Huyu kapelekwa."

Nikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa pembeni kuhusu safari na matembezi, na yeye kwa viambishi viwili vya kitenzi alikuwa ameitengua hoja yangu. Nilimlaumu mwandishi kwa kumnyima Ayaana matembezi. Mama alikuwa akisema kwamba mwandishi anajua vizuri sana kuwa amemnyima, na kwamba hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Huwezi kumtaka mtu aliyepelekwa azurure.

Bado sikukubali. Nikamwambia mwandishi angeweza kumpa hata siku moja. Mama akasema, "Tutaona."

Xiamen ni mji wa bahari, na mama alifurahi mara tu aliposikia harufu ya chumvi. Tulikwenda kisiwa cha Gulangyu kwa feri. Kisiwa hicho hakina magari, kama Lamu zamani. Njia nyembamba, nyumba za kale za wafanyabiashara na mabalozi wa kigeni, na sifa ya piano katika kila nyumba. UNESCO ilikiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017, na watalii wanajaa mpaka huoni sakafu. Karibu wote ni Wachina. Familia kwa familia, bibi, mama, mtoto, kama sisi. Nilijisikia nimefika kwenye hoja yangu: haya ndiyo matembezi, na sisi tumo.

Ndipo mwanamke mmoja akaja, akatabasamu, akaashiria simu yake na binti yangu. Anataka picha. Nikasema sawa. Akaja wa pili. Akaja mzee na wajukuu wawili. Dakika kumi baadaye palikuwa na mstari. Hawakuwa watu wabaya, wallahi. Walimpa pipi, walimsifu, mmoja alitoa programu ya kutafsiri na simu ikasema kwa Kiingereza cha chuma kwamba mtoto ni mrembo sana. Kisha mkono mmoja ukashika msuko wake, kwa upole, kama unavyoshika kitambaa dukani kabla ya kuuliza bei. Binti yangu hakulia. Alisimama wima, akaweka uso ambao sijawahi kuuona nyumbani, uso wa mtu anayengojea jambo liishe.

Mama akampita kila mtu, akamfunika mtoto kwa mtandio wake na kusema kwa sauti ile ya kisimani, "Basi. Yatosha. Ndoo, mwanangu." Watu wakaelewa bila programu yoyote.

Tulikaa kwenye jiwe linalotazama bahari. Binti yangu akauliza kwa nini walikuwa wanampiga picha yeye na si yule mtoto mwingine. Nikaanza maelezo marefu. Mama akaniacha nimalize, akasema: "Ile siku moja uliyomtakia Ayaana, ndiyo hii."

Ninakiri hapa, mbele ya wasomaji waliozoea kuniona nikimpinga kila mwandishi: niliisoma riwaya vibaya mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa kiburi cha mtu aliyeona visiwa vyake vimetajwa. Mara ya pili kwa kiburi cha mtalii. Nilidhani matembezi ni jambo la moyo wako tu, kwamba ukijisikia mtembezi, wewe ni mtembezi. Owuor anajua kwamba anayekutazama naye ana kauli. Ayaana anaweza kutoka nje ya bweni asubuhi bila kazi, bila sherehe, bila mwalimu, na bado akafika kwenye kona akiwa kielelezo. Kurasa za Xiamen ambazo niliziona zimebana, zimekosa hewa, zimebana kwa sababu.

Lakini nisitoke kwenye kosa moja nikaingia jingine. Sasa nina lawama nyingine, na hii mama hakuipinga. Riwaya inapenda mno maana kubwa. Bahari ni kumbukumbu, jeraha ni historia, mapenzi ni mabara mawili yanayokutana. Mtoto wangu pale kwenye jiwe, baada ya mtandio na pipi, alisahau yote ndani ya robo saa kwa sababu aliona mashine ya kukamua miwa. Maisha ya mtu aliyepelekwa nayo yana mashine ya kukamua miwa. Yana kicheko kisicho na faida kwa yeyote. Munira na Muhidin kule Pate wanapewa vicheko hivyo, na ndizo kurasa ninazozirudia. Ng'ambo vinaadimika. Ningetamani Owuor amwamini msomaji kidogo zaidi, aache jambo moja dogo libaki dogo.

Tulimalizia Quanzhou, mwendo mfupi wa treni kutoka Xiamen. Usiku wa kwanza hoteli moja tuliyoilipia ilitukataa mlangoni, ikisema haipokei wageni wa nje, tukabaki barabarani na mabegi saa nne usiku. Aliyetuokoa ni mwenye mkahawa wa tambi, Mwislamu wa kaskazini-magharibi, wale wenye vibao vya kijani. Mama alimsalimu "Asalaam aleikum", naye akaitikia huku mikono imejaa unga. Hawakuwa na neno jingine la pamoja. Alitupa tambi, akapiga simu tatu, akatupatia pa kulala. Ibn Battuta naye amesimulia kwamba nchi ile pamoja na uzuri wake haikumpendeza, alijifungia ndani, na alipokutana na Waislamu alijiona kama amekutana na nduguze. Mama hajamsoma. Alisema tu, "Alhamdulillahi, kumbe tuna watu."

Asubuhi tukaenda msikiti wa Qingjing. Ulijengwa mwaka 400 wa Hijra, yaani 1009, na maandishi ya Kiarabu juu ya lango yanamtaja mtu wa Shiraz aliyeukarabati karne tatu baadaye. Fikiria mtu wa pwani yetu, ambako nusu ya koo zinadai Shiraz, amesimama chini ya jina hilo. Lakini kilichomshika mama hakikuwa jina. Ukipita lango unaingia ukumbi wa sala wa kale, na hauna paa. Lilianguka zamani. Kuta za mawe zimesimama, kibla kipo, vishubaka vina aya, juu ni mbingu, chini ni majani.

Mama akasimama katikati. "Nti gani hii?" akauliza, ingawa alijua. Kisha: "Hapa ni Ungwana."

Wasiojua: Ungwana ni magofu ya mji wetu wa kale karibu na Kipini, yule James Kirkman aliyachimba miaka ya 1950 na kutoa vipande vya vyungu vya Kichina kati ya vigae vyetu. Msikiti wake nao ni kuta na mbingu. Mama alikuwa akipelekwa huko na bibi yake kuomba dua. Tofauti ni kwamba Qingjing una mlinzi, tiketi, kibao cha lugha tatu, na tangu 2021 umo katika orodha ya UNESCO pamoja na maeneo mengine ya kale ya mji. Ungwana ina vichaka, na nyati ukibahatika vibaya. Kwenye makaburi ya Lingshan, nje kidogo ya mji, kuna jiwe linalosema Zheng He alizuru hapo mwaka 1417 akafukiza ubani kabla ya safari yake ya tano, ile iliyofika pwani yetu. Sisi pwani tunasimuliwa kila mara kwamba yeye alikuja. Mama alilisoma jiwe lile kwa upande mwingine: "Kumbe yeye naye aliombewa dua ya safari."

Hapo nikaelewa ninachokikosa hasa katika *The Dragonfly Sea*, na ni kitu ambacho riwaya moja haiwezi kudaiwa. Ayaana anapelekwa ili athibitishe kwamba Wachina walifika kwetu. Hatumwi mtu yeyote kuona kama sisi tumo kwao. Mama yangu, asiyetafuta damu wala ushahidi, aliuona mji wake upande wa pili wa bahari kwa sababu tu alikuwa ametoka kutembea na hakuwa na haraka.

Jioni ya mwisho nilimaliza kumsomea. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama kuna kitabu namna hii cha Fumo Liyongo. Kwetu Kipini ndiko kaburi lake, tunavyosimulia sisi, shujaa aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, baada ya mtoto kuahidiwa mke na waliomtuma. Nikamwambia upo utenzi, Muhammad Kijumwa aliuandika mwaka 1913. "Huo naujua," akasema. "Nauliza kitabu cha yule mtoto. Naye pia alitumwa."

Sikuwa na jibu. Tumerudi Kipini wiki ya tatu sasa, bahari inaendelea kuula ufuo, jirani amekuja kuuliza tumeleta mzigo gani. Binti yangu alimwonyesha kofia mbaya aliyonunua Gulangyu. Riwaya ya Owuor nimempa mama, ameiweka juu ya kabati karibu na msahafu, ingawa haisomi. Anasema atakayekuja kwa matembezi na akajua Kiingereza, atamsomea tena kuanzia pale pa matlai.